Unaisi Apata Msemaji

Nyumbani kwa Mjomba Ilisoni, mtaa wa Kinoya nchini Fiji, siku huanza na muhogo. Sufuria hutokota mapema, wakati mvua ya Suva bado inafikiria kama inyeshe sasa au ingoje watu watoke. Anayeibandika sufuria hiyo ni Unaisi. Akishaibandika hukuna nazi, hupiga pasi shati la mjomba wake, hufagia baraza, kisha huoga haraka na kukimbilia basi la chuoni.

Chuoni Unaisi anasomea shahada ya uzamili. Anachunguza udongo wa mikoko kwenye mlango wa mto Rewa. Anataka kujua kwa nini mikoko ya ng'ambo moja inakufa na ya ng'ambo ya pili inashamiri. Ni kazi nzuri, na mwanzoni aliipenda. Siku alipopata nafasi hiyo, kijiji chao kisiwani Kadavu kilichinja nguruwe, kinamama wakatandika mikeka mipya, na kila mtu akalia kidogo. Majirani wa Kinoya nao humsifu. Husema, mtazameni binti yule, amesoma mpaka huko juu na bado anakuna nazi. Katika wote waliomsifu, hakuna aliyewahi kumuuliza kama analala.

Asubuhi moja muhogo ulifika mkekani hauna chumvi.

Aliyeonja kwanza ni Mereani, binti wa mjomba. Kwa watu wa Kadavu, mtoto wa kaka na mtoto wa dada wana utani usio na mpaka, na Mereani hakuwa mtu wa kuacha haki yake ipotee.

"Bibi harusi wa mikoko," akasema, "jana uliweka chumvi mara mbili. Leo hukuweka kabisa. Ukijumlisha ni sawa, lakini sisi hatuli hesabu, tunakula muhogo."

Siku nyingine Unaisi angemjibu mpaka Mereani aombe msamaha. Siku hiyo alichukua mkoba akatoka. Mwavuli akauacha ukining'inia mlangoni. Mereani aliutazama ule mwavuli, akaacha kucheka.

Shida yenyewe haikuanza jikoni. Ilianza katika ofisi ya Daktari Penhale, msimamizi wa masomo yake, mzungu mrefu kutoka Tasmania, mwenye kuvaa kaptura na soksi za kufika magotini. Penhale hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana wengi waliovunjika chuoni hawakuvunjwa na watu wabaya. Walivunjwa na watu wenye haraka.

Kila wiki Unaisi aliketi mbele yake, na kila wiki Penhale aliongeza jambo. Alimwomba awafundishe maabara wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Halafu akamwomba amkagulie takwimu za utafiti wake mwingine. Halafu akaona ni vyema Unaisi ndiye awapeleke wageni wa ng'ambo mikokoni, kwa kuwa anajua njia na lugha. Halafu ikaja hotuba ya mkutano wa Brisbane, ambayo angeisoma Penhale lakini angeiandika Unaisi. Kila mara Unaisi aliinamisha kichwa, akatazama mikono yake, akanyamaza. Penhale alingoja kidogo, akaona hakuna pingamizi, akasema vizuri, basi tumekubaliana.

Unaisi hakuwa amekubali. Alikuwa ameonyesha heshima. Ndivyo alivyolelewa: mkubwa akisema, mdogo hamkodolei macho wala hambishii. Ukimjibu mkubwa uso kwa uso umemvunjia adabu yeye, na umewavunjia adabu waliokulea. Kwa hiyo alinyamaza, na kila akinyamaza alitoka na mzigo mwingine.

Nyumbani kulikuwa na mizigo yake pia. Mke wa mjomba, Bi Akosita, ni kiongozi wa kinamama kanisani. Kanisa lilikuwa linajiandaa kwa maadhimisho makubwa. Mbele ya kinamama wote Akosita alitangaza kwamba ratiba itachapwa na Unaisi, watoto wa Jumapili watafundishwa wimbo na Unaisi, na barua za wageni ataandika Unaisi, maana kwake yeye kompyuta ni mchezo. Kinamama wakapiga makofi. Unaisi akatazama mikono yake.

Mwili ndio ulioanza kusema. Tumbo lilimkaza kila asubuhi. Nywele zilibaki kwenye kitana. Simu ikilia moyo ulimruka kama amefumaniwa. Alikuwa anaandika sura ya pili ya tasnifu yake, na ilifika mahali akiifungua anasoma sentensi ya kwanza tu, anairudia, anairudia, hadi wakati wa basi la kurudi. Baadaye hata kuifungua hakuthubutu. Kahawa ilizidi, chakula kikapungua. Akajiambia kwamba amekuwa mvivu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, maana kwao mvivu ni yule asiye na shamba na hana aibu.

Na wiki iliyofuata kulikuwa na kikao. Wahadhiri wangeketi meza moja kuangalia maendeleo yake. Mwanafunzi asiyefika kwenye kikao hicho, au anayefika mikono mitupu, huweza kufutwa.

Unaisi alikata tiketi ya meli ya Kadavu, ya Ijumaa. Angesema bibi yake ni mgonjwa. Bibi mwenyewe alikuwa mzima, bado anaingia maji ya magoti kuokota chaza. Tiketi aliificha ndani ya Biblia.

Alijua vizuri kinachomngoja huko, maana alikuwako aliyemtangulia. Peceli, mtoto wa kwanza wa Mjomba Ilisoni, kaka yake Mereani, alisoma chuo hicho hicho miaka mingi nyuma. Alikwenda Kadavu kwenye mazishi na hakurudi. Sasa analima yaqona, ule mzizi unaopondwa na kunywewa katika kila jambo la maana na hata lisilo na maana. Jioni watu wakikaa kulizunguka bakuli, wakimpa Peceli kifuu chake husema, karibu Profesa. Wote hucheka. Peceli hucheka nao, halafu hunywa. Unaisi alipokuwa mtoto alicheka pia. Katika nyumba ya Kinoya jina la Peceli halitajwi mkekani. Baba yake hataki.

Alhamisi, siku moja kabla ya meli, Akosita alimtuma Unaisi sokoni akitoka chuoni. Alikuwa ameinama kwenye fungu la magimbi simu ilipolia. Alikuwa Daktari Penhale. Unaisi hakuipokea. Moyo ulianza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, midomo ikawa kama si yake. Soko lote likasogea mbali. Akajua anakufa, na jambo la kwanza alilowaza ni kwamba hajanunua samaki.

Mtu alimshika mkono akamkalisha juu ya gunia. Alikuwa Sista Taraivini, muuguzi wa kliniki ya wanafunzi, jirani yao wa geti la pili, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani na mtu wa kusema sauti ya kwanza kila mahali pengine. Mkono mmoja ulikuwa umebeba majani ya magimbi. Wa pili ulikuwa kwenye mshipa wa Unaisi.

"Usivute pumzi," akasema. "Toa. Unapulizia chai ya moto. Taratibu, isimwagike."

"Sista, ninakufa."

"Unaogopa. Kufa ni kitu kingine, na foleni yake ndefu. Pulizia chai."

Unaisi alipulizia. Akaambiwa avute kidogo kwa pua, halafu atoe kwa muda mrefu kuliko alivyovuta, halafu tena, halafu tena. Muuza magimbi alisogeza mwavuli wake uwafunike wote. Polepole vidole vilirudi. Soko nalo likarudi, na kelele zake zote.

Taraivini hakumruhusu kwenda nyumbani. Alimpeleka kliniki kwanza. Alimpima presha, akamsikiliza moyo, akachukua damu kidogo kuona kama haijapungua, maana kifua kikibana mtu asijitabirie, apimwe. Daktari wa zamu naye akamwangalia. Moyo ulikuwa mzima. Damu ilikuwa imepungua kidogo, ya kutibika kwa vidonge na kwa kula.

Halafu Taraivini alifunga mlango akamweleza. Mwili una kengele yake, alisema. Mbwa akikukimbiza, kengele inalia, moyo unakwenda mbio, miguu inapata nguvu, unaruka ua. Mbwa akiondoka kengele inanyamaza. Huo si ugonjwa, huo ni uhai. Lakini mtu ambaye mbwa wake haondoki asubuhi wala jioni, kengele yake haizimi. Hapo usingizi unakimbia, tumbo linakaza, kichwa kinasahau chumvi. Ndio huo msongo wa mawazo. Haumfuati mvivu. Humfuata zaidi mtu anayebeba bila kutua.

"Sasa niambie mbwa wako ni wangapi," akasema.

Unaisi alikuwa hajaulizwa swali hilo na mtu yeyote. Alianza na takwimu, akaenda kwenye wageni wa ng'ambo, hotuba ya Brisbane, wimbo wa watoto, barua za kanisa. Alipofika kwenye sura ya pili alilia. Alipofika kwenye tiketi ya meli alinong'ona.

Taraivini alisimama akaenda dirishani. Alipozungumza tena hakuwa akimtazama.

"Salote wa Tonga," akasema. "Alikuwa na akili kama wembe. Tebau wa Kiribati, yule aliyekuwa akilala maktaba. Peceli wenu. Ninawakumbuka mmoja mmoja, na sijamaliza. Walipoondoka, unajua chuo kilisema nini? Hawakujituma. Nilisimama mkutanoni nikasema, wapunguzieni hawa watu mizigo, na wasimamizi wafundishwe kusimamia. Wakaitikia kwa vichwa. Wakanywa chai. Mwaka uliofuata wakachapisha kijitabu."

Kijitabu kilikuwa mezani. Jalada lilikuwa na msichana anayecheka chini ya mnazi. Ndani kiliwaambia wanafunzi wanywe maji, walale vya kutosha, watabasamu.

"Maji ni mazuri," Taraivini akasema. "Kulala ni lazima, na tutafika huko. Lakini mtu aliyetwishwa magunia matatu humfundishi kupumua ukaishia hapo. Unashusha gunia. Nyumbani nani anajua?"

"Hakuna."

"Basi leo watajua."

Unaisi alimwambia hataweza. Mjomba ndiye aliyekwenda kijijini kumpokelea sifa. Angefungua kinywa vipi?

"Wewe hutafungua," Taraivini akasema. "Nitafungua mimi."

Jioni hiyo, jua bado halijazama, Taraivini aliingia kwa Ilisoni na fungu la mizizi ya yaqona lililofungwa kwenye gazeti. Ilisoni, fundi seremala mwenye mabega mapana na maneno machache nyumbani, alikaa wima mara moja. Mtu anayeleta yaqona hakuja kuomba chumvi. Akosita alizima redio. Mereani aliketi karibu na mlango. Unaisi alikaa nyuma ya Taraivini, kichwa chini.

Taraivini aliuweka mzizi mkekani. Ilisoni aliutazama, akasema kwa upole kwamba kwa kawaida jambo hili huletwa na mwanamume.

"Mwanamume wangu yuko kwenye meli ya samaki, kaka. Nimngoje arudi?"

Ilisoni alikaribia kutabasamu. Akaunyoosha mkono, akaupokea mzizi, akapiga viganja vilivyokunjwa, makofi mazito ya kukubali. Baada ya hapo Taraivini alisema yote. Hakupunguza, hakupamba. Alieleza kengele na mbwa, sokoni na gunia, sura ya pili na mizigo ya Penhale. Alitaja barua za kanisa pia, na Akosita akaanza kukunja pindo la mkeka. Mwisho alitaja tiketi. Unaisi aliitoa kwenye Biblia akaiweka karibu na mzizi.

Ilisoni aliichukua tiketi, akaisoma pande zote mbili. Unaisi alingoja hasira. Swali lililokuja silo alilolitegemea.

"Unapokwenda kwa mkubwa wako huko chuoni," akasema, "unakwenda na nani?"

"Peke yangu, Mjomba."

"Nani anakusemea?"

"Hakuna."

Ilisoni aligeuka akamtazama Taraivini kama mtu aliyeambiwa kwamba chuoni watu huingia ofisini bila nguo. Ukoo wao ni ukoo wa wasemaji. Baba yake, na baba wa baba yake, ndio waliosimama kati ya chifu na watu. Kwao hakuna anayemwendea mkubwa peke yake, kinywa kikavu. Unakwenda na msemaji. Yeye ndiye anafungua njia, anasema jambo lako kwa adabu, na njia ikishafunguliwa wewe nawe unaweza kusema. Ndiyo maana mdogo anaruhusiwa kunyamaza: kwa sababu yuko mtu wa kusema. Unaisi alikuwa amekwenda na nusu ya desturi. Kunyamaza alikuchukua. Msemaji alimwacha nyumbani.

"Hata mwizi wa nguruwe ana msemaji," Ilisoni akasema. "Mimi nimesemea harusi za watu nisiowajua. Nimesemea boti. Mtoto wangu anakaa mbele ya mkubwa wake miaka miwili, na mimi niko hapa napiga randa."

Kutoka mlangoni Mereani akamuuliza baba yake, bila utani wowote, "Na Peceli, Tata? Nani alimsemea?"

Ilisoni aliinuka akatoka nje, akasimama kwenye mvua nyepesi bila mwavuli. Akosita alisogea mpaka alipokaa Unaisi, akamshika goti, akasema barua zile angezigawa kwa wengine. Ukweli ni kwamba wako kinamama watatu wanaojua kuandika vizuri, ila yeye alipenda kujivunia. Alisema hivyo kwa shida. Lakini alisema.

Ijumaa Unaisi hakutumwa mahali. Mereani alibandika muhogo, akauunguza, akautetea. Mchana Unaisi alijilaza kidogo kama Sista alivyomwelekeza, simu ikiwa jikoni ndani ya debe la mchele. Meli ya Kadavu ilipopiga honi ya kuondoka, yeye alikuwa amelala fofofo, kinywa wazi. Mereani alipita mlangoni akamtazama. Alikuwa na maneno mazuri sana ya kumcheka, lakini akayahifadhi.

Jumatatu Ilisoni alivaa shati lake la kanisani na sulu ya kijivu, ile sketi ya heshima ya wanaume, iliyopigwa pasi na Mereani. Akachukua mzizi mwingine wa yaqona. Taraivini aliwaongoza. Njiani alimweleza Unaisi kwamba kanuni ya chuo inamruhusu mwanafunzi kufika kwa msimamizi wake na mtu wa kumsindikiza. Kanuni hiyo ipo siku nyingi. Wanafunzi hawaambiwi tu.

Daktari Penhale alifungua mlango akaona seremala, muuguzi na mwanafunzi wake wamejipanga. Akaona mzizi. Akaanza kutafuta kiti cha ziada, lakini Ilisoni alikuwa ameshaketi chini, kwenye zulia. Penhale alisimama kidogo. Halafu naye akakaa chini, akakunja miguu yake mirefu kwa taabu, magoti yakabaki juu kama ya panzi. Aliijua desturi. Kila alipoingia kijiji cha watu kuomba ruhusa ya kupita mikokoni, alikaa hivyo hivyo, na alikuwa na msemaji wa kukodi. Haikumjia siku hata moja kwamba ofisi yake nayo ni mahali pa kuingiliwa hivyo.

Ilisoni alizungumza Kiingereza chake cha polepole. Alimshukuru mkubwa kwa kumfundisha mtoto wao. Akasema mtoto anaipenda kazi, hakuja kuikimbia. Akasema mtoto amelemewa, na kwamba ukimya wake ulikuwa heshima, haukuwa ndiyo. Aliweka mzizi mbele. Kisha akasema njia imefunguka, na sasa mwenye jambo atasema mwenyewe.

Unaisi alipulizia chai yake ya moto, kimyakimya. Akatazama magoti ya Penhale, kwa sababu macho bado yalikuwa mbali mno.

"Siwezi kufanya yote, Daktari," akasema. "Nikifanya yote, sura yangu inakufa. Hotuba ya Brisbane na takwimu zako zinakula siku zangu. Nataka kuandika juu ya mikoko."

Penhale aliuliza kwa nini hakumwambia mapema. Hakuuliza kwa ukali. Uso wake ulikuwa umekuwa mwekundu hadi masikioni.

"Alikuwa anakuambia," Ilisoni akasema. "Kila wiki. Hukuwa na mtu wa kukutafsiria."

Penhale alisema alidhani anamfungulia milango. Kila kazi aliyompa aliiona ni nafasi. Taraivini akamwambia, kwa adabu ya kikliniki, kwamba milango ikifunguliwa yote kwa pamoja nyumba inajaa upepo, na kwamba Salote alifunguliwa milango mingi sana. Penhale aliinama. Alimkumbuka Salote.

Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya kawaida tu, na ndiyo yaliyokuwa dawa. Penhale alichukua takwimu zake azikague mwenyewe. Hotuba angeiandika anayeisoma. Wageni wa ng'ambo wangetafutiwa mtu wa kulipwa. Maabara ya mwaka wa kwanza Unaisi alisema angeendelea nayo, kwa sababu ilimfurahisha, na lilikuwa jambo la ajabu kwake kusikia sauti yake ikichagua. Kuhusu kikao, Penhale alisema wahadhiri hawahitaji sura nzima. Wanahitaji kuona anakokwenda. Nusu sura iliyo wazi inatosha. Siku zote ilikuwa inatosha. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mpaka siku ya kikao Unaisi alifanya kazi kama Taraivini alivyomshauri. Hakuketi kuandika sura. Aliketi kuandika kipande: leo udongo wa ng'ambo ya kwanza, kesho wa ng'ambo ya pili. Aliruhusiwa kuandika vibaya, mradi aandike. Kusahihisha kuna siku yake. Alipumzika kabla hajachoka, akatembea kwenye ukuta wa bahari na kurudi. Kahawa aliiacha mchana. Jioni simu ilirudi kwenye debe la mchele, na kitanda kikawa mahali pa kulala, si mahali pa kuhesabu makosa. Mawazo mabaya yakimjia alimwambia mtu, mara nyingi Mereani, ambaye aliyasikiliza vizuri kwanza halafu ndipo akayatania.

Kikaoni alisimama na nusu sura. Mhadhiri mmoja alimuuliza swali gumu juu ya chumvi ya udongo. Unaisi alisema jibu hilo bado hana, atalitafuta. Alingoja dari ianguke. Mhadhiri aliandika kitu, akasema ni jibu zuri. Wakampitisha. Alipotoka nje, Ilisoni alikuwa amekaa kwenye benchi na sulu yake ya kijivu, tayari kusema kama ingehitajika. Unaisi alimwambia haikuhitajika. Mjomba alionekana kusikitika kidogo.

Siku hiyo hiyo, akiwa bado kwenye benchi lile, Ilisoni aliomba simu ya Unaisi. Alimpigia Peceli. Unaisi alitaka kuondoka akakatazwa. Alisikia upepo wa Kadavu ukivuma kwenye simu, na sauti ya Peceli ikiuliza kuna msiba gani.

"Hakuna msiba," Ilisoni akasema. "Nakuuliza jambo. Kule chuoni, nani alikusemea?"

Upepo ulivuma.

"Hakuna, Tata."

"Nilidhani ulikimbia."

"Nilikimbia. Nilikuwa silali. Nikadhani nimekuwa mwehu, nikaona ni heri wanicheke kwetu kuliko wanifunge huko."

Ilisoni aliondoa simu sikioni, akaifuta na shati kana kwamba imelowa, akairudisha. Akamwambia mwanawe apande meli inayofuata, aje na mzizi mzuri, maana nyumbani kuna deni la maneno.

Peceli alikuja. Alikaa mkekani Kinoya, na jina lake likatajwa mpaka likachoka. Hakurudi chuo, alisema shamba lake sasa analipenda, si la kukimbilia, ni lake. Lakini Jumatano moja alifuatana na Unaisi kwenye baraza ya kliniki, ambako Taraivini alikuwa ameanza kuwakusanya wanafunzi wa uzamili saa za alasiri, kwa chai, muhogo na mazungumzo. Taraivini hakuomba ruhusa kwa mtu. Alitandika mkeka. Walikuja wa Fiji, wa Tonga, wa Vanuatu, wa Solomoni. Wahindi wa Nausori walileta maandazi ya viazi. Peceli aliwasimulia yake kuanzia mazishi hadi kifuu cha Profesa. Hakuna aliyecheka. Halafu yeye mwenyewe akacheka, kicheko kirefu, na wote wakamfuata, maana sasa kilikuwa kicheko cha aina nyingine. Daktari Penhale naye alikuja siku moja na wasimamizi wenzake wawili, akawaketisha chini.

Kwenye mkeka huo kulikuwa na msichana wa Kiribati, Teretia, mpya kabisa, anayesomea maji ya visima. Kila Jumatano alikaa ukingoni, akatazama mikono yake. Unaisi aliitambua mikono ile. Hakumuuliza mbele za watu. Alimsubiri kwenye ukuta wa bahari, wakatembea, na kabla hawajafika mwisho alikuwa amesikia yote: msimamizi, mizigo, sentensi inayosomwa ikarudiwa, na meli, ambayo kwa Teretia ilikuwa ndege.

Asubuhi iliyofuata Unaisi alibandika muhogo, kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Aliweka chumvi mara moja. Akachukua mwavuli. Teretia alikuwa akimngoja nje ya ofisi ya msimamizi, amevaa gauni lake la Jumapili, midomo imekauka.

"Nitasema nini?" akanong'ona.

"Wewe utanyamaza kwanza," Unaisi akamwambia. "Njia nitafungua mimi."

Akabisha hodi.